Uvimbe wa Taya Usipewe Jina Kabla ya Kupimwa

Uvimbe wa taya una bahati mbaya ya kupewa jina mapema mno. Mkulima wa Masama akitoka migombani kwenda zahanati na shavu lililotuna, majirani wamekwisha kusema ni jipu la jino. Wengine wamenong'ona kuwa ametupiwa kitu na mwenye kijicho. Si ajabu daftari la wagonjwa nalo likaandikwa "jipu", dawa ya kuua bakteria ikatolewa, na jino lililokuwa karibu likang'olewa. Yote hayo hutendeka kabla ya mtu yeyote kuona kilichomo ndani ya mfupa. Miezi sita baadaye shavu liko vilevile au limezidi, na safari ya Boma Ng'ombe, kisha ya Moshi mjini, ndiyo kwanza inaanza.

Hoja ya makala hii ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Hakuna uvimbe wa mfupa wa taya unaostahili kufunguliwa bila picha ya eksirei, na hakuna kipande kilichotolewa kwenye taya kinachostahili kutupwa bila kutazamwa kwa hadubini. Tena vipimo hivyo viwili visomwe pamoja, kwa kuwa kila kimoja kikiachwa peke yake kinaweza kumpoteza tabibu. Anayelipa gharama ya kosa hilo ni mgonjwa, na hulipa kwa kipande cha uso wake.

Kwa nini taya huvimba kuliko mifupa mingine

Taya ni mfupa wa pekee kwa sababu ndani yake hutengenezwa meno. Kuanzia takriban wiki ya sita ya ujauzito, utando wa kinywa cha mtoto aliye tumboni hujikunja na kuzama ndani ya taya, na huko huanza kazi ya kujenga jino moja baada ya jingine. Kazi hiyo ikiisha, mafundi hawaondoki wote. Baadhi ya seli hubaki zimetawanyika kuzunguka mizizi ya meno na ndani ya ufizi. Zilizobaki kwenye mizizi huitwa mabaki ya Malassez, kwa jina la mwanasayansi Mfaransa aliyezieleza katika karne ya 19. Kwa watu wengi seli hizo hulala maisha yote. Kwa wachache huamka.

Zikiamka huweza kufuata njia mbili. Njia ya kwanza ni kutengeneza kifuko, yaani mfuko wenye utando ndani na majimaji katikati. Kifuko hukua hasa kwa shinikizo la majimaji yake na kusukuma mfupa polepole. Njia ya pili ni seli kuanza kuongezeka zenyewe bila kusikiliza amri ya mwili, na huo ndio uvimbe wa kweli wa chembechembe za jino. Tofauti hii ndiyo inayoamua matibabu. Kifuko cha kawaida hubanduliwa kama ganda la yai na jambo likaisha. Ameloblastoma, ambayo ni uvimbe wa seli zinazofanana na zile za kujenga enameli ya jino, hupenya katikati ya vijumba vya mfupa na kuvuka mpaka unaoonekana kwa macho. Ikikwanguliwa kama kifuko, hubakiza mizizi yake, kisha hurejea.

Kwa nchi hii ameloblastoma si ugonjwa wa vitabuni. Katika uchunguzi wa miaka minne uliofanywa na wataalamu wa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005, wagonjwa 116 walikuwa na uvimbe wa chembechembe za jino, na takriban wanne kati ya kila watano walikuwa na ameloblastoma. Wanaoupata kwa wingi ni vijana na watu wa makamo, watu walio katika umri wa kusoma, kulima, kuoa na kuolewa. Kwa kawaida uvimbe huu hausambai mwilini kama saratani, lakini ukiachwa hula taya, hupindisha uso, hulegeza meno na hatimaye huzuia kula na kusema.

Picha inasema mengi, lakini haisemi yote

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei mwaka 1895, taya limekuwa miongoni mwa mifupa inayosomeka vizuri zaidi. Mtabibu aliyezoea anaweza kutambua mengi katika filamu moja. Eneo jeusi la mviringo kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa, likiwa na mpaka mweupe mwembamba, mara nyingi ni kifuko cha mzizi, ambacho ndicho kifuko cha taya kinachoonekana kwa wingi kuliko vyote. Eneo jeusi lililoshika shingo ya jino ambalo halijaota, hasa gego la mwisho la chini au chonge la juu, huelekeza kwenye kifuko cha jino lililofichika. Keratosisti nayo ina hila yake: hurefuka ndani ya taya kutoka mbele kwenda nyuma bila kulitunisha sana. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuja akiwa na shimo la urefu wa kidole ndani ya mfupa na uso usiomshtua mtu.

Ameloblastoma iliyokomaa huonekana kama sega la nyuki au mapovu ya sabuni: vyumba vingi vyeusi vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, taya likiwa limetuna kwa nje, na mizizi ya meno ya jirani ikiwa imeliwa kana kwamba imekatwa kwa kisu. Miksoma, uvimbe laini wa utelezi, huweza kuchora mistari myembamba iliyonyooka na kukatizana kama nyuzi za raketi. Odontoma huonekana kama rundo la vijino vidogo visivyo na mpangilio. Magonjwa mengine ya mfupa wenyewe hulifanya taya lionekane kama kioo chenye ukungu, na hayo hayatokani na jino kabisa.

Maelezo hayo yanavutia, na hapo ndipo hatari ilipo. Sega la nyuki linaweza kuchorwa na ameloblastoma, na keratosisti, na miksoma, na hata uvimbe wa mishipa ya damu. Eneo jeusi moja safi, lenye mpaka mzuri na jino lililofichika ndani yake, linaweza kuwa kifuko kisicho na madhara makubwa. Linaweza pia kuwa ameloblastoma ya chumba kimoja, ambayo kwa filamu hufanana nacho kama pacha. Isitoshe, filamu ya kawaida huchelewa. Mfupa hulazimika kupoteza takriban theluthi hadi nusu ya madini yake kabla eneo jeusi halijaonekana wazi, kwa hiyo ukingo unaoonekana kwenye picha sio ukingo wa kweli wa ugonjwa. Daktari wa upasuaji anayekata kwa kufuata mstari wa picha pekee hubakiza asichokiona. Kwa ameloblastoma ngumu, kawaida ya upasuaji ni kuvuka mpaka wa picha kwa sentimita 1 hadi 2.

Hadubini nayo inahitaji mwenzake

Kipande cha tishu kikifika maabara hupita safari ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Huhifadhiwa kwenye formalini, huondolewa maji, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 3 hadi 5, kisha hutiwa rangi za hematoksilini na eosini. Kikiwa na mfupa, ni lazima kwanza kilainishwe kwa tindikali, na kazi hiyo peke yake huweza kuchukua siku kadhaa. Mgonjwa anayeulizia majibu kila Jumatatu anastahili kuelezwa haya, ili asidhani karatasi yake imesahauliwa kwenye meza ya mtu.

Chini ya kioo, kifuko cha mzizi huonyesha utando mnene uliojaa seli za uvimbe wa maambukizi, na mara nyingi mianya iliyochongoka kama sindano ambamo kolesteroli ilikaa. Kifuko cha jino lililofichika huwa na utando mwembamba wa safu chache tu za seli. Keratosisti hujitangaza kwa utando wa safu 6 hadi 10, uso wake una mawimbi kama bati la paa, na safu ya chini ina viini vyeusi vilivyopangwa sambamba. Utando huo huchanika upesi na kuachana na ukuta wake, na pembeni yake mara nyingine hujificha vifuko vidogo vilivyozaliwa nao. Hapo unajibiwa ule mwuliko wa kwa nini keratosisti hurudi: mara nyingi haikuondoka yote. Na mgonjwa kijana akikutwa na keratosisti mbili au zaidi, achunguzwe pia ngozi na familia, kwa kuwa huenda ana hali ya kurithiwa iitwayo sindromu ya Gorlin.

Ameloblastoma ina sura yake. Visiwa au nyuzi za seli hupakana na safu ya seli ndefu zilizosimama bega kwa bega kama miti ya uzio, viini vyake vikiwa vimesogea mbali na ukuta wa chini, na katikati kuna seli zilizolegea zenye umbo la nyota. Ni picha ya kiungo cha kujenga enameli kilichoanza kazi na kushindwa kuimaliza. Mwaka 1970 Vickers na Gorlin walieleza dalili za kutambua mabadiliko haya hata yakiwa machanga ndani ya ukuta wa kifuko, na maelezo yao bado yanatumika.

Hata hivyo hadubini haitoshi peke yake. Maambukizi yakiingia kwenye keratosisti huweza kufuta sura yake, na kipande kilichochukuliwa mahali hapo kikasomeka kama kifuko cha kawaida. Kipande kidogo kutoka ukuta wa ameloblastoma ya chumba kimoja huweza kukosa sehemu yenye ugonjwa. Mwanapatholojia aliyeletewa chupa yenye neno "taya" tu, bila umri wa mgonjwa, bila kuelezwa ni taya la juu au la chini, na bila picha, anaombwa kutegua kitendawili ambacho nusu yake imefichwa. Akiwa na picha mbele yake atasita pale maelezo ya kioo yasipolingana na ukubwa wa shimo, naye ataomba kipande kingine kabla mgonjwa hajakatwa.

Majina yenyewe yamewahi kuwayumbisha hata wakubwa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilihamisha keratosisti kutoka kundi la vifuko na kuiweka katika kundi la uvimbe wa kweli, kwa sababu ya tabia yake ya kurudi. Mwaka 2017 ikarejeshwa kwenye vifuko. Ikiwa waliokaa na darasa zima la ushahidi walibadili mawazo ndani ya miaka 12, hakuna aibu kwa mhudumu wa zahanati kuandika "uvimbe wa taya, haujulikani, apelekwe kupimwa". Hatari ni kuandika jina lisilo na ushahidi nyuma yake.

Mtoto, mwinuko na somo la Burkitt

Kwa watoto hoja hii ni kali zaidi. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alianza kufuatilia watoto waliovimba taya kwa kasi ya kutisha, wakati mwingine taya zaidi ya moja kwa pamoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika, akipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani. Jibu lilitegemea mwinuko na joto. Karibu na ikweta, uvimbe ule haukuonekana sana katika nyanda zilizo juu ya takriban mita 1,500, na ramani yake ilifanana na ramani ya malaria.

Somo hilo linaigusa Masama moja kwa moja, kwa kuwa eneo hilo huteremka kutoka vihamba vya juu vyenye baridi hadi tambarare yenye joto. Mhudumu wa juu mlimani anaweza kupitisha miaka bila kuona limfoma ya Burkitt, na kwa hiyo asiifikirie anapoletewa mtoto wa miaka sita ambaye magego yake ya utoto yanalegea. Lakini watoto wa siku hizi hawakai mahali pamoja. Wapo wanaolelewa na bibi kihambani baada ya kukulia Tanga, Morogoro au Mwanza. Kwa mtoto, swali la "umeishi wapi?" ni sehemu ya uchunguzi wa kinywa.

Katika picha, ugonjwa huu hufuta mistari myeupe inayozunguka mizizi ya meno, na meno huonekana kama yanaelea. Kwa hadubini, seli nyeusi zilizobanana huachiana nafasi nyeupe hapa na pale, kama anga la usiku lenye nyota. Uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku chache, na tiba yake ni dawa za saratani, ambazo zimewaponya watoto wengi walioletwa mapema. Kwa mtoto kama huyo, kung'oa meno yaliyolegea na kusubiri wiki mbili ni kupoteza muda ambao hana.

Ipo sehemu ya historia hiyo inayostahili kukumbukwa na kila anayetupa tishu kwenye ndoo. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilitumwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani ya seli zake virusi ambavyo sasa vinaitwa virusi vya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugunduzi huo ulianzia kwa mtu mmoja wa Afrika Mashariki aliyeona kuwa kipande cha taya kina thamani ya kufungwa vizuri na kutumwa.

Hoja za wanaosita

Wapo wahudumu wenye busara wanaopinga, na hoja zao zisibezwe. Ya kwanza ni kwamba vifuko vingi vya taya ni vya kawaida, kwa hiyo kupima kila kipande ni kupoteza fedha. Ni kweli vingi ni vya kawaida. Lakini kama ilivyoelezwa, ile michache ya hatari haina alama usoni inayoitenga na mingi ya kawaida, na picha hushindwa kuitenga pale inapohitajika zaidi. Kuchagua kipi kipimwe ni kudai kujua jibu kabla ya kipimo.

Ya pili ni gharama. Nauli ya kwenda Moshi na kurudi, siku ya kazi iliyopotea na malipo ya maabara ni mzigo kwa familia inayotegemea ndizi, kahawa na maziwa. Hata hivyo mzigo huo upimwe dhidi ya mwenzake. Ameloblastoma ngumu iliyokwanguliwa bila kutambuliwa hurejea, katika ripoti nyingi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, wakati mwingine baada ya miaka kumi. Ikirejea huwa kubwa kuliko mwanzo. Ile iliyogunduliwa ikiwa ndogo huenda ikaondolewa huku ukingo wa chini wa taya ukibaki. Ile iliyochelewa huchukua nusu ya taya, na mgonjwa huhitaji bamba la chuma au mfupa wa nyonga au wa mguu kujaziwa pengo. Familia iliyookoa malipo ya kipimo kimoja huishia kuuza ng'ombe.

Kwa sababu hiyo, malipo ya kuchunguza tishu yasihesabiwe kuwa nyongeza anayoweza kuikataa mgonjwa dirishani. Yawe sehemu ya malipo ya upasuaji wenyewe, kama ilivyo kwa uzi na ganzi. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watakaopanga kitita cha huduma chini ya sheria hiyo wana nafasi ya kuliweka jambo hili mahali pake.

Ya tatu ni ukosefu wa vifaa. Mashine ya kupiga taya lote kwa picha moja haipo kila mahali. Lakini filamu ndogo ya jino huonyesha ncha ya mzizi, na mashine ya kawaida ya eksirei inaweza kupiga taya la chini kwa upande iwapo mpiga picha ataelekezwa vizuri. Picha hizo hazitoshi kupanga upasuaji mkubwa. Zinatosha kabisa kumzuia mtu asikate jipu lisilokuwepo.

Yanayowezekana bila kusubiri

Mengi ya muhimu hayahitaji mashine. Jipu la jino huja kwa siku chache, huuma, huwa na joto na hupungua likipata tiba. Uvimbe wa taya huja kwa miezi au miaka, mara nyingi bila maumivu, huku meno yakihama au kulegea bila kuoza. Dawa ikitolewa mara moja na shavu lisipungue, dozi ya pili ya dawa ileile haina kazi. Kinachotakiwa ni picha. Midomo ikifa ganzi bila sababu, rufaa isingoje.

Jino lenyewe pia lihojiwe. Kifuko cha mzizi hutokana na jino lililokufa. Kama meno yaliyo juu ya eneo jeusi yanahisi baridi ya barafu kama wenzake, basi maelezo ya "kifuko cha mzizi" yameanguka, na kung'oa meno hayo ni kumwadhibu asiye na kosa. Kabla ya kufungua mfupa, mtaalamu huingiza sindano na kuvuta. Majimaji ya rangi ya majani makavu huelekeza kwenye kifuko. Uji mweupe mzito huelekeza kwenye keratosisti. Sindano isiyovuta kitu huashiria uvimbe mgumu. Damu ikija kwa nguvu, kila kitu kisimame na mgonjwa apelekwe mbele, kwa kuwa kung'oa jino moja juu ya uvimbe wa mishipa ya damu kunaweza kuua.

Kipande kikichukuliwa kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa angalau mara kumi ya kipande chenyewe, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Kisiwekwe kwenye maji wala kwenye spiriti ya kufungia vidonda. Karatasi iseme umri, jinsia, mahali halisi pa uvimbe, muda uliodumu, na kama uliwahi kukatwa. Picha iambatane nayo. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ina idara ya patholojia. Umbali kati yake na Masama hauwezi kuwa sababu ya chupa kufika tupu au kutofika kabisa.

Kwa mgonjwa na jamaa zake lipo jambo la kipekee la upande huu wa mlima. Kila Desemba familia hurudi kihambani na picha hupigwa. Picha hizo za miaka mitatu au minne, zikipangwa kwa mfuatano, humwonyesha daktari uso ulianza lini kupinda na kwa kasi gani. Ziletwe hospitali. Jamaa anayerudi mara moja kwa mwaka ndiye pia anayeona badiliko ambalo waliobaki nyumbani wamelizoea; akiona shavu la ndugu yake limeongezeka tangu Desemba iliyopita, aseme, tena asemee hospitali na si kandokando ya mbege.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kukatwa taya: picha imeonyesha nini, kipande kitapelekwa maabara gani, na majibu yatarudi lini. Baada ya upasuaji ana wajibu mmoja, ambao ni kurudi. Aliyetolewa ameloblastoma au keratosisti anapaswa kufuatiliwa kwa miaka mingi, kwa picha, hata asipohisi chochote. Kovu lililopona halithibitishi kuwa mfupa wa ndani umepona.

Kwa upande wao, wakuu wa vituo wanaweza kuanza na kanuni ya mstari mmoja, ibandikwe juu ya ndoo ya taka katika kila chumba cha meno: kilichotoka ndani ya taya hakiingii humu. Chupa ya formalini haina bei kubwa, na filamu moja ya eksirei ni nafuu kuliko jino moja la bandia. Wilaya ikiamua kuhesabu kila mwezi vipande vilivyotolewa na vipande vilivyofika maabara, itagundua upesi ni wapi hesabu hizo mbili zinapoachana, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.